Henley, Seven Sisters au Kinder Scout: uchague matembezi gani ya siku moja Uingereza?

Ndugu na jamaa wanaokuja Uingereza kututembelea huonyeshwa London kwa siku tatu au nne, kisha huuliza swali ambalo wenyeji wao wengi hawana jibu lake la haraka: je, mashambani kukoje? Naishi mjini Reading, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwapeleka watu wa kila rika kutembea kwa miguu nje ya mji, kuanzia mtoto wa miaka sita hadi shangazi yangu aliyekaribia sabini. Safari tatu ndizo ninazozipendekeza mara kwa mara, nazo hazifanani hata kidogo: ukingo wa mto Thames kutoka Henley hadi Marlow, majabali meupe ya Seven Sisters kwenye pwani ya kusini, na mlima Kinder Scout katika hifadhi ya Peak District. Kila moja huanzia na kuishia kwenye stesheni ya treni, kwa hiyo asiye na gari hakosi nafasi. Picha za mtandaoni hazimsaidii sana mtu kuchagua, kwa sababu humwonyesha mandhari na kumficha ardhi atakayoikanyaga kwa saa tano au sita, na ardhi hiyo ndiyo itakayoamua kama atarudi nyumbani akiwa na furaha au akiwa na magoti yanayouma. Ndiyo maana nitazilinganisha kwa kuanzia miguuni.

Kwa kilomita peke yake, Henley hadi Marlow ni kama 14, mzunguko wa Kinder Scout kutoka kijiji cha Edale ni kati ya 13 na 16 kutegemea njia unayoshukia, na Seaford hadi Eastbourne kupitia Seven Sisters ni kama 22. Anayesoma tarakimu hizo tu atadhani kwamba Henley na Kinder ni kazi moja. Kumbe kilomita 14 za kando ya Thames mtu mzima wa kawaida huzimaliza kwa saa nne, na bado akapata nafasi ya kukaa chini na kunywa chai, ilhali kilomita hizo hizo Kinder humtaka saa sita, maana hupanda karibu mita 400 kutoka kijijini na, akishafika juu, kila hatua hulazimika kuitafutia mahali pa kuitua.

Mto Thames, kutoka Henley hadi Marlow

Hii ndiyo njia ninayompa mtu mzima wa umri, mama mwenye watoto wadogo, na yeyote ambaye hajawahi kutembea mashambani hapa. Kutoka London unapanda treni Paddington, unabadilisha Twyford na kuingia reli ndogo ya Henley; kurudi, unapandia Marlow na kubadilisha Maidenhead. Kwa kuwa stesheni ya kushukia siyo ya kupandia, mweleze muuza tiketi safari yote kabla hujalipa.

Ukivuka daraja la mawe la Henley, lililojengwa mwaka 1786, geuka kushoto ufuate maji yanakokwenda. Baada ya nusu saa hivi utaona kisiwa kidogo chenye kijumba cheupe cha mwaka 1771. Hapo ndipo huanzia mashindano ya makasia ya Henley, yaliyoasisiwa mwaka 1839. Wiki ya mashindano, ambayo huangukia mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, ukingo wote hujaa watu na mahema, na aliyetafuta utulivu hataupata. Mbele kidogo ni malango ya maji ya Hambleden, ambapo watoto hukataa kuondoka, na sioni sababu ya kuwaharakisha: mashua huingia katika birika refu la mawe, lango la nyuma hufungwa, maji hupunguzwa au kuongezwa, na mashua yenyewe hushuka au kupanda taratibu hadi ilingane na sehemu ya pili ya mto. Ukifika Hurley umebakiza kama saa moja na nusu, na safari huishia kwenye daraja la kuning'inia la Marlow la mwaka 1832, ambalo mbunifu wake, William Tierney Clark, ndiye aliyebuni pia daraja mashuhuri la minyororo linalovuka mto Danube mjini Budapest.

Kuna sehemu moja, baada ya kijiji cha Aston, ambapo njia huuacha mto na kukatiza katika ardhi ya jumba kubwa la matofali mekundu la karne ya 18. Hapo kuna geti. Shangazi yangu alipolifikia alisimama, akatazama ile nyumba, akashusha sauti na kuniuliza, "Mwanangu, tunaingia shambani kwa watu bila hodi?" Nilipomwambia kwamba tunaruhusiwa hakuniamini, akataka nimwonyeshe aliyeruhusu. Nikamwonyesha kibao kidogo cha mshale wa manjano kilichopigiliwa kwenye nguzo. Swali lake ni la msingi, na wengi wetu tunalibeba kimoyomoyo tunapotembea katika nchi ya watu, kwa hiyo nalijibu hapa kikamilifu. Katika Uingereza njia ya umma ya miguu ni haki ya kisheria ya kupita, hata pale ambapo ardhi yenyewe ni mali ya mtu binafsi. Mwenye shamba haruhusiwi kuifunga wala kukufukuza ilimradi umebaki njiani. Mshale wa manjano ni wa waendao kwa miguu, na wa bluu ni wa njia wanayoishiriki pamoja na wapanda farasi na baiskeli. Haki hiyo ni ya kupita tu. Si ya kuchuma, kuwasha moto wala kupiga hema. Geti ukilikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Ukilikuta limeachwa wazi, liache hivyo, kwa kuwa huenda mwenye mifugo ana sababu yake. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema "hodi" kwa sauti ya chini na akapita.

Ardhi ya njia hii ni tambarare karibu yote, nyasi na udongo, na katika miezi ya kiangazi raba za kawaida zinatosha. Kasoro yake ni maji. Kuanzia Desemba hadi Machi mto huweza kufurika ukaimeza njia, na hata unapopungua huacha tope zito linalonata hadi kwenye vifundo. Kabla ya kwenda wakati huo, angalia tahadhari za mafuriko za serikali kwa sehemu hiyo ya mto. Jambo la pili ni ng'ombe. Wapo katika baadhi ya malisho, na wenye ndama hawapendi mbwa. Wapitie kwa mbali bila kukimbia, na kama una mbwa na ng'ombe wakaanza kukufuata, mwachie kamba, kwani mbwa ana mbio za kujiokoa kuliko wewe.

Seven Sisters, kutoka Seaford hadi Eastbourne

Treni ya Seaford hutoka Victoria kwa kubadilisha Lewes, na kurudi kutoka Eastbourne kuna treni za moja kwa moja; kila upande ni kama saa moja na nusu. Nashauri kuelekea mashariki, yaani Seaford kwanza, kwa sababu upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na ni afadhali ukusukume mgongoni kwa siku nzima kuliko ukupige usoni.

Dakika arobaini baada ya kuondoka ufukweni Seaford utakuwa juu ya kilima cha Seaford Head, na hapo ndipo mahali pa kusimama. Chini yako kuna nyumba chache za zamani za walinzi wa pwani, mbele yake mdomo wa mto Cuckmere, na ng'ambo ya mto majabali yote yamejipanga, meupe kama shuka iliyoanikwa, yakipanda na kushuka mpaka macho yanapoishia. Weupe huo ni chaki, jiwe laini lililofanyika chini ya bahari ya kale kutokana na magamba ya viumbe wadogo sana. Mabonde kati ya kilima na kilima yalichongwa na maji zamani, kisha bahari ikaja ikayakata yote kwa ubavu, ndiyo sababu ukingo unaonekana kama mawimbi. Jina linahesabu dada saba, lakini anayetembea kwa miguu na kuhesabu kwa makini hupata vilima vinane.

Ukitazama kutoka pale juu utadhani mto unavukika kwa dakika tano. Hauvukiki. Mdomoni hakuna daraja, na mkondo wa maji yanapojaa na kupwa una nguvu kuliko unavyoonekana. Inakubidi uingie bara karibu kilomita mbili hadi daraja la Exceat, uvuke, kisha urudi baharini upande wa pili. Watu hulalamikia mzunguko huu, ila mimi naupenda: kondoo wapo, ndege wa majini wapo, na Exceat pana vyoo na mahali pa kula. Halafu vinaanza vilima. Cha kwanza, Haven Brow, ndicho kirefu kuliko vyote saba, mita 77, na ugumu hauko katika kimo hicho bali katika kurudia: unapanda, unashuka karibu hadi chini, unapanda tena, na kila mteremko hukudai magotini ulichookoa kwenye mapafu. Mwenye matatizo ya magoti asidanganywe na kimo kidogo. Ni afadhali kwake mlima mmoja mrefu kuliko vilima vinane vifupi.

Ardhi yenyewe ni nyasi fupi zilizokatwa na kondoo, na katika siku kavu sijui mahali pazuri zaidi pa kuweka mguu katika kusini yote ya nchi hii. Mvua ikinyesha maji huzama upesi, kwa hiyo tope ni kidogo kuliko kando ya Thames. Lakini pale ambapo nyasi zimekwisha na chaki iko wazi, huteleza kama sabuni.

Sasa nisemalo ni la kuzingatiwa kuliko mengine yote. Ukingo wa majabali haya hauna uzio kwa sehemu kubwa, na ardhi unayoiona imara huenda chini yake pako wazi. Chaki humegeka bila kutoa ishara, wakati mwingine vipande vikubwa kuliko nyumba, na kwa wastani ukingo hurudi nyuma makumi ya sentimita kila mwaka. Mbele kidogo ya Birling Gap, mahali pa kushukia ufukweni, utapita kando ya mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout, uliojengwa miaka ya 1830. Mwaka 1999 jengo zima lilisogezwa nyuma mita 17 ili lisianguke baharini. Kama nyumba ya mawe ilihamishwa, wewe una sababu gani ya kukaa ukingoni ukining'iniza miguu kwa ajili ya picha? Kaa mbali mita kadhaa, na watoto washikwe mikono. Huko chini nako usitembee kati ya mdomo wa Cuckmere na Birling Gap bila kujua saa za maji: aliyekulia pwani ya kwetu anajua maji yanavyorudi, lakini huku nyuma yako hakuna mchanga wa kukimbilia, kuna ukuta wa chaki tu.

Birling Gap pana mkahawa, vyoo na ngazi za kushukia ufukweni. Kutoka hapo hadi Eastbourne unapanda Beachy Head, mita 162, jabali la chaki refu kuliko yote ya baharini katika Uingereza, ambapo mnara wa taa wa mistari myekundu na myeupe unaonekana chini kabisa, umesimama majini tangu mwaka 1902. Kama kilomita 22 ni nyingi, panda basi namba 12 liendalo kati ya Brighton na Eastbourne, shuka Exceat na uanzie hapo. Utabaki na kama kilomita 13, nazo ndizo zilizo na vilima vyenyewe, ila utaikosa ile taswira ya Seaford Head.

Kinder Scout, kutoka Edale

Kwa anayeishi Manchester au Sheffield huu ndio mlima wa nyumbani, kwa sababu treni inayopita kati ya miji hiyo miwili husimama Edale: kutoka Manchester ni kama dakika 45 na kutoka Sheffield kama dakika 30. Kwa anayeishi London ni karibu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na kwa kweli simshauri kufanya hivyo kwa siku moja isipokuwa kati ya Mei na Agosti, wakati mchana ni mrefu.

Unaanza kijijini, unapita mashamba yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, unapanda ngazi za mawe ziitwazo Jacob's Ladder, na baada ya saa mbili hivi umefika juu. Kilele ni mita 636, cha juu kuliko vyote katika Peak District, lakini usitegemee ncha kama ya Meru au Kenya. Juu ni uwanda mpana wa udongo mweusi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, laini, wenye maji, uliokatwakatwa na mifereji ambayo mahali pengine ina kina kuliko kimo cha mtu. Njia nzuri ni ile inayofuata ukingo wa uwanda, ambako mawe makubwa yamechongwa na upepo katika maumbo ya kila namna. Anayekata katikati ndiye anayepotea.

Nalijua hilo kwa kulipitia. Oktoba moja tulikuwa watu wanne, tukaamua kufupisha safari kwa kukatiza katikati, na ukungu ukashuka kabla hatujafika popote. Ndani ya mfereji huoni chochote ila kuta mbili nyeusi na kipande cha anga ya kijivu. Ukipanda kutoka huo unaukuta mwingine, umepinda upande mwingine, na baada ya mara tano au sita hujui tena ulikotoka. Mwenzetu mmoja alizama hadi gotini, na tulipomvuta mguu ulitoka bila buti. Ilitubidi kulichimba kwa mikono. Kilichotutoa ni dira. Tulishika kusini bila kuacha, mfereji baada ya mfereji, hadi tukagusa njia ya ukingoni iliyo juu ya Edale. Simu isingetosha, kwani mtandao hukatika na baridi humaliza chaji. Kwa hiyo Kinder nenda na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la hapa, yenye namba OL1, na mtu anayejua kuisoma, na mkipatwa na jambo pigeni 999, mwombe polisi, kisha mseme mnahitaji waokoaji wa milimani.

Pamoja na ugumu huo, mlima huu una jambo ambalo zile njia nyingine mbili hazina. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, waliupanda kutoka upande wa Hayfield bila ruhusa, wakati ambapo ardhi yote ilifungwa kwa ajili ya wenye kuwinda ndege. Vijana watano walifungwa jela. Baadaye ilikuja sheria ya mwaka 1949 ya hifadhi za taifa, Peak District ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea hata nje ya njia katika nyika za juu kama hii. Jibu la swali la shangazi yangu pale getini kwa sehemu fulani liko hapa: aliyeruhusu hakuruhusu kwa ukarimu peke yake, alidaiwa.

Anayetaka mandhari ya huku bila udongo mweusi avuke upande wa pili wa bonde. Kutoka Edale panda Hollins Cross, geuka kulia hadi Mam Tor, mita 517, kisha rudi ukifuata mgongo wa kilima hadi Lose Hill na ushukie stesheni ya Hope. Sehemu kubwa ya mgongo huo imetandikwa mawe, na ukungu ukija huna pa kupotelea kirahisi.

Majira, mavazi na chakula

Mwishoni mwa Desemba jua la kusini huzama kabla ya saa kumi jioni, na mwishoni mwa Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Tofauti hiyo peke yake huamua mengi. Wakati wa baridi Seaford hadi Eastbourne kwa ukamilifu wake haiingii katika mchana mmoja kwa mtu asiye mwepesi, na Kinder ni ya wazoefu tu; Henley huingia, ikiwa mto haujafurika. Mwenye kusali ajue kwamba wakati huo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote humkuta njiani au karibu na stesheni, hivyo mkeka mwepesi ndani ya begi si mzigo bure.

Jinzi iliyolowa ni adui Kinder na usumbufu kwingineko. Vaa suruali inayokauka upesi, na koti la mvua beba hata kama anga ni safi. Kivuli kipo Thames, lakini Seven Sisters hakuna mti hata mmoja wa maana juu ya majabali, na jua la Julai likichanganyika na upepo huunguza ngozi bila mtu kuhisi, ngozi nyeusi nazo zikiwemo. Chakula kinapatikana Henley, Hurley na Marlow, kinapatikana Exceat na Birling Gap, na Kinder hakipo mpaka urudi kijijini. Mimi hubeba chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha, na chupa ya chai ya tangawizi.

Kwa mgeni mwenye siku moja tu na magoti mazima, namchagulia Seven Sisters kuanzia Exceat, kati ya Mei na Septemba. Usiku wa kuamkia safari huwa naangalia jambo moja, utabiri wa upepo wa Eastbourne. Ukiwa umevuka kilomita 50 kwa saa, siendi na mtu juu ya yale majabali. Asubuhi tunapanda treni ya Henley.